Lita za Dripu na Mgonjwa wa Sepsisi: Somo la Lusaka Halijafika Wodini

Katika wodi za tiba ya ndani za Afrika Mashariki, chupa inayoning'inia juu ya kitanda hubeba maana kubwa kuliko maji yaliyomo ndani yake. Ndugu aliyesafiri usiku kucha akimleta mgonjwa hutulia moyo anapoambiwa kwamba "ameshatundikiwa dripu". Aliyemkuta mgonjwa wake hana dripu huuliza, kwa upole au kwa ukali, kwa nini bado hajaanza kutibiwa. Hata katika zahanati za mitaani wapo waendao kwa uchovu tu, wakaomba "kuongezewa maji", na wakapewa. Si jambo la kushangaza. Sindano humalizika kwa dakika moja na vidonge humezwa vikasahaulika, bali chupa hukaa pale kwa saa nzima ikidondoka tone kwa tone mbele ya macho ya kila anayeingia kumjulia hali mgonjwa. Ni tiba inayoonekana.

Ndani ya mazoea hayo kuna swali zito. Mtu mzima aliyelazwa akiwa na maambukizi makali, shinikizo lake la damu likiwa limeshuka, je, anasaidiwa au anadhuriwa na lita nyingi za maji zinazoingizwa mshipani kwa haraka? Hali yake wataalamu huiita sepsisi: mwili, katika kupambana na vijidudu, huanza kuvijeruhi viungo vyake wenyewe, yaani figo, mapafu, ini, moyo na ubongo. Shinikizo la damu likiporomoka, mgonjwa huwa ameingia katika mshtuko, na uhai wake huhesabiwa kwa saa. Ni katika saa hizo ambapo chupa hutundikwa, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Utafiti uliofanyika Lusaka na kuchapishwa mwaka 2017 ulilijibu swali hilo, na jibu lake lilikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Tangu hapo umepita muda wa kutosha kwa mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa kwanza wa udaktari kuhitimu, kumaliza mafunzo kwa vitendo na kukabidhiwa wodi. Hata hivyo, kanuni inayokaririwa kando ya kitanda mara nyingi ni ileile iliyokuwapo kabla ya Lusaka.

Ni haki kwanza kukiri kwamba dripu haikupata heshima yake bure. Mwaka 1832, kipindupindu kilipokuwa kikiteketeza watu nchini Uingereza, daktari Thomas Latta wa Leith huko Scotland aliingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa waliokuwa wamekwisha kukata tamaa, na baadhi yao wakaamka. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kambi ya kipindupindu ameyaona hayo kwa macho yake: mtu ameletwa macho yamezama, mapigo hayashikiki, na baada ya saa chache anaketi na kuomba uji. Mwongozo unaotumiwa hadi leo kwa aliyekaukiwa vibaya humpa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu; kwa mtu wa kilo 60 hizo ni lita sita. Hakuna anayepinga hilo, na makala haya hayapingi. Mgonjwa wa kipindupindu amepoteza maji, na maji aliyoyapoteza yanaweza kupimwa ndani ya ndoo iliyo chini ya kitanda. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua naye amepoteza kitu kinachojulikana.

Mgonjwa wa sepsisi ni mwingine kabisa. Mara nyingi maji yake hayakutoka nje. Mishipa imelegea ikapanuka, kuta zake zimeanza kuvuja, na moyo wenyewe pengine umedhoofika kwa sumu ya maambukizi. Shinikizo limeshuka, ndiyo, lakini sababu si ileile. Maji yanayosukumwa kwa wingi katika mishipa inayovuja hayabaki humo. Sehemu yake huhamia katika tishu na katika mapafu, mahali ambapo hayatakiwi. Kosa la kifikra lililodumu kwa miaka mingi lilikuwa kuviona vipimo viwili vinavyofanana na kudhani kuwa ugonjwa ni mmoja.

Kosa hilo lilipata nguvu mpya mwaka 2001 kutoka Detroit nchini Marekani. Katika hospitali moja ya jiji hilo, wagonjwa 263 wa sepsisi kali na mshtuko waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kama kawaida. La pili lilifuata utaratibu mkali wa saa sita za kwanza: mrija katika mshipa mkubwa, vipimo vya mfululizo, karibu lita tano za maji, dawa za kupandisha shinikizo, na damu pale ilipohitajika. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 46.5 katika kundi la kawaida na asilimia 30.5 katika kundi la utaratibu mpya. Matokeo hayo yalienea upesi. Miongozo ya kimataifa ya sepsisi iliyofuata ikachota humo, na hatimaye ikakaa katika sentensi fupi inayokaririwa na kila mwanafunzi: mililita 30 za maji kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu za mwanzo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu lita mbili. Jambo lililopotea njiani ni kwamba utaratibu wa Detroit ulikuwa na mambo mengi kwa pamoja, na hakuna aliyejua ni lipi kati yake lililookoa maisha. Majaribio matatu makubwa yaliyofuata, Marekani, Australia na nchi jirani zake, na Uingereza, yakiwa na wagonjwa zaidi ya 4,000 kwa jumla na kuchapishwa kati ya mwaka 2014 na 2015, hayakuona faida ya utaratibu ule juu ya huduma ya kawaida ya hospitali hizo. Lakini sentensi fupi ilikuwa imekwisha kusafiri. Kati ya vyote vilivyokuwamo katika utaratibu wa Detroit, maji ndiyo yaliyokuwa rahisi zaidi kusafirisha hadi hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya kupumulia wala chumba cha wagonjwa mahututi.

Onyo la kwanza kutoka Afrika lilihusu watoto. Jaribio lililojulikana kwa jina la FEAST, lililoongozwa kutoka Kilifi na kufanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Teule iliyoko Muheza, liliwachukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka, wengine maji ya kawaida ya kumhifadhi mgonjwa tu. Ndani ya saa 48 walifariki takribani asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, na ripoti ikatoka mwaka 2011. Wengi walikataa kuamini. Walisema lazima watoto wale walizama kwa maji mapafuni kwa kukosa mashine. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba tofauti kubwa zaidi ilitokana na mzunguko wa damu kuporomoka, wala si mapafu kujaa. Maana yake, maji yalikuwa yanaudhuru mzunguko uleule ambao yalitarajiwa kuuokoa.

Madaktari wa watu wazima walikuwa na faraja moja iliyobaki: hao walikuwa watoto, na wengi walikuwa na malaria. Faraja hiyo ndiyo iliyoondolewa na Lusaka.

Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Zambia mjini humo, kati ya Oktoba 2012 na Novemba 2013, watu wazima 212 waliofika idara ya dharura wakiwa na sepsisi na shinikizo la chini waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipata lita mbili ndani ya saa ya kwanza na nyingine mbili katika saa nne zilizofuata, dawa ya kupandisha shinikizo iwapo lilibaki chini, na damu iwapo upungufu wa damu ulikuwa mkubwa. Kundi la pili lilitibiwa kwa uamuzi wa madaktari waliokuwa zamu. Si kwamba kundi hilo la pili lilinyimwa maji. Katika saa sita lilipata lita mbili kwa wastani wa kati, na la kwanza lita tatu na nusu. Tofauti ilikuwa lita moja na nusu, basi. Walifariki hospitalini asilimia 48.1 ya kundi la utaratibu mpya na asilimia 33.0 ya kundi la kawaida. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki asilimia 67.0 na asilimia 45.3.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa polepole. Katika kila wagonjwa saba waliopewa tiba iliyodhaniwa kuwa bora, mmoja zaidi alikufa kabla ya kutoka hospitalini, kulinganisha na wale walioachwa katika huduma ya kawaida ya hospitali yenye upungufu. Ni dawa chache sana ambazo zingebaki kabatini baada ya ripoti kama hiyo. Na watafiti hawakuwa wazembe. Jaribio lao la awali lilikuwa limekatishwa kwa sababu wagonjwa waliofika wakipumua kwa shida walikufa kwa wingi katika kundi la maji mengi, hivyo safari hii wagonjwa wa namna hiyo waliachwa nje. Wauguzi wa utafiti walikagua mshipa wa shingo, kasi ya kupumua na kiwango cha oksijeni, na walikuwa na amri ya kusimamisha maji dalili za kuzidiwa zikionekana. Vifo viliongezeka pamoja na tahadhari zote hizo.

Kwa msomaji ambaye si mganga, kuna jambo hapa linalozidi hesabu. Utafiti wa namna hii mara nyingi hutazamwa kwa jicho la mashaka: watu husema kwamba kundi linganishi ni kundi la walionyimwa tiba, maskini waliofanywa chambo ili wengine wapone. Hofu hiyo ina historia yake na haipaswi kudharauliwa. Lakini katika Kilifi, Muheza, Mbale na Lusaka, waliodhaniwa kunyimwa ndio waliopona zaidi. Ndugu ambaye angelia kwa sababu kura ilimwangukia mgonjwa wake upande wa "huduma ya kawaida" angekuwa analilia bahati. Na bila kura ile, madaktari wote, kwa nia njema kabisa, wangeendelea kuwapa wagonjwa wote kile kilichokuwa kikiwaua baadhi yao, na hakuna ambaye angegundua, kwa kuwa mgonjwa wa sepsisi anapokufa kila mtu husema ni sepsisi iliyomuua.

Wapo wanaopinga matokeo ya Lusaka yasitumiwe nje ya Lusaka, na hoja zao zina uzito. Ilikuwa hospitali moja, na wagonjwa ni zaidi kidogo ya mia mbili. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, wengi wakiwa wamekonda, wana upungufu wa damu, na kifua kikuu kimeenea mwilini. Moyo wa mtu wa namna hiyo hauwezi kulinganishwa na wa mtu aliyekuwa shambani wiki iliyopita. Yote ni kweli. Lakini hoja hiyo hukata pande mbili. Mgonjwa wa Detroit, mwenye kitanda cha umeme na mashine ya kupumulia nyuma ya pazia, anafanana vipi na mgonjwa wa wodi ya Tabora, Kisii au Mbarara? Kama mtu atachagua ushahidi wa kuazima, aazime kwa jirani anayefanana naye zaidi. Aliyekonda, mwenye damu pungufu, mwenye kifua kikuu ambacho bado hakijagunduliwa: huyo si mgeni katika wodi za tiba ya ndani za ukanda huu. Huyo ndiye mwenye wodi.

Inafaa pia kutazama yaliyotokea baadaye katika nchi tajiri. Mwaka 2022 jaribio la Ulaya lenye wagonjwa 1,554 katika vyumba vya mahututi lililinganisha maji machache na maji ya kawaida, na vifo katika siku 90 vilikaribiana kabisa, asilimia 42.3 na 42.1. Mwaka uliofuata Marekani ikatoa lake, wagonjwa 1,563 katika hospitali 60, na matokeo yakawa asilimia 14.0 kwa maji machache na 14.9 kwa maji mengi. Wote hao walikuwa wamekwisha kupewa maji ya mwanzo kabla ya kura, jambo linalosahauliwa mara nyingi. Kwa maneno mengine, hata pale ambapo mapafu yaliyojaa maji yanaweza kusaidiwa na mashine, lita za ziada hazikununua uhai wowote. Miongozo ya kimataifa yenyewe, ilipotolewa upya mwaka 2021, iliishusha kanuni ya mililita 30 kutoka daraja la agizo hadi daraja la pendekezo dhaifu, na kukiri kwamba ushahidi wake ni wa kiwango cha chini. Kanuni imeshushwa huko ilikotungwa. Si vyema ikabaki imepanda huku ilikopokelewa.

Basi hospitali ifanye nini saa nane za usiku, mgonjwa akiwa na shinikizo la 80 kwa 50 na muuguzi mmoja akiwa na vitanda thelathini?

Jibu lisilofaa ni kuacha maji kabisa. Lusaka haikulinganisha maji na ukame, ililinganisha mengi na ya kiasi. Na upande wa pili wa mizani uko ushahidi mwingine. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliopima kwa siku moja wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi. Karibu asilimia 70 ya mahututi hao hawakuwa katika vyumba vya mahututi bali wodi za kawaida, katikati ya wagonjwa wengine. Mmoja kati ya watano wao alikuwa amefariki ndani ya siku saba. Na karibu nusu tu ya walioshindwa kupumua ndio waliokutwa wakipewa oksijeni. Kwa waliokuwa na mzunguko wa damu ulioporomoka hali ilikuwa hiyohiyo, karibu nusu hawakuwa wakipewa maji wala dawa ya kupandisha shinikizo. Yaani katika wodi moja inawezekana kitanda cha kwanza kimezidishiwa na cha tatu kimesahauliwa. Kinachokosekana katika vitanda vyote viwili ni mtu wa kupima, kuona na kurudi.

Watetezi wa ufuatiliaji hupenda kutaja Uganda, na wana haki. Katika hospitali za Mulago na Masaka, watafiti waliweka daktari maalumu wa kuwahudumia wagonjwa wa sepsisi katika saa za mwanzo, na vifo katika siku 30 vikashuka kutoka asilimia 45.7 hadi 33.0. Wagonjwa wale walipata maji mengi zaidi kuliko watangulizi wao, na wakapona zaidi. Je, Mulago inaipinga Lusaka? Mulago ililinganisha kipindi na kipindi, wala haikupiga kura. Miaka ilikuwa tofauti, na pamoja na maji yalikuja pia macho, mikono na dawa kwa wakati. Lusaka ilipiga kura. Ushahidi wa kura una uzito zaidi, na ukichukuliwa pamoja na ule wa Uganda unaelekeza mahali pamoja: yamkini kilichookoa Mulago kilikuwa daktari aliyesimama pale, na yamkini angeokoa wengi zaidi akiwa na maji machache mkononi. Mjini Dar es Salaam, katika chumba cha mahututi cha Hospitali ya Taifa Muhimbili, utaratibu rahisi wa kupima alama za uhai na kuchukua hatua mara moja kila alama inapovuka mpaka wa hatari uliripotiwa mwaka 2015. Kwa wagonjwa wote kwa jumla vifo havikubadilika. Kwa waliolazwa wakiwa na shinikizo la chini vilishuka kutoka asilimia 92 hadi 69. Bado ni vifo vingi mno, na mtu mwaminifu hawezi kushangilia asilimia 69. Lakini hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya tofauti hiyo.

Kutokana na hayo yote, msimamo unaofaa kuandikwa katika miongozo ya hospitali, badala ya kuachwa kwa busara ya kila daktari wa zamu, ni huu. Kwa mtu mzima mwenye sepsisi, asiyeharisha wala kutokwa na damu, katika wodi isiyo na mashine ya kupumulia, maji yaanze kwa kiasi kidogo, kwa mfano nusu lita, na chupa ya pili isitundikwe kabla ya mgonjwa kuangaliwa upya. Aliyeagiza chupa ya kwanza aandike jina la atakayerudi na saa ya kurudi. Kiuavijasumu kitolewe mapema iwezekanavyo, kwa kuwa ndicho kinachopambana na chanzo. Inasikitisha kwamba mara nyingi chupa ya maji hutangulia kwa muda mrefu sindano ya dawa, pengine kwa sababu maji yako kabatini wodini na dawa iko famasi, ambako ndugu wametumwa wakalipie kwanza. Sukari ya damu ipimwe. Malaria na kifua kikuu vitafutwe. Oksijeni iwepo, na kifaa cha kuipima kidoleni kiwepo wodini, si kabatini kwa muuguzi mkuu.

Na kwa swali la jinsi ya kujua kama maji yanatosha, Amerika ya Kusini imetoa msaada usiotarajiwa. Katika hospitali 28 za nchi tano, watafiti waliwalinganisha wagonjwa 424 wa mshtuko wa sepsisi: wengine waliongozwa kwa kipimo cha maabara cha lakteti kila saa mbili, wengine kwa kidole tu. Kipande cha kioo cha maabara kilikandamizwa kwenye ncha ya kidole hadi ikawa nyeupe, kikashikiliwa kwa sekunde kumi, kikaachiwa, na muda wa rangi kurejea ukahesabiwa. Zaidi ya sekunde tatu ni dalili mbaya. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2019, liliona vifo asilimia 34.9 kwa kundi la kidole na 43.4 kwa kundi la lakteti. Tofauti hiyo haikufikia kabisa kiwango cha uhakika kinachotakiwa kitakwimu, na haipaswi kutangazwa kama ushindi. Lakini angalau kidole hakikushindwa na maabara, na kundi la kidole lilipewa maji machache zaidi. Kipimo kisichohitaji umeme, kitendanishi wala fundi kingestahili kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi na cha matabibu kabla ya vipimo vingi vinavyofundishwa sasa kwa ajili ya mtihani tu. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi huonekana vizuri zaidi kwenye kitanda cha ukucha, na wanafunzi waonyeshwe hapo.

Watakaolalamika kwanza ni wakuu wa vitengo, wakiuliza atatoka wapi mtu wa kurudi kila nusu saa. Lalamiko lao ni halali, na linapaswa kupelekwa kwa wanaopanga ikama ya watumishi likiwa na takwimu za Lusaka mkononi. Kinachotakiwa kukataliwa ni hitimisho linalofuata mara nyingi, kwamba kwa kuwa hakuna wa kurudi basi mgonjwa apewe lita mbili kwa mkupuo ili "afike asubuhi". Pasipo na wa kurudi, kiasi kinapaswa kupungua.

Kazi ya vyuo vya tiba haijakwisha pia. Hakuna anayejua bado kiasi sahihi cha maji kwa mtu mzima wa wodi za ukanda huu ambaye hana VVU, au ambaye ana virusi lakini amekuwa kwenye dawa kwa miaka na mwili wake una nguvu. Na wagonjwa wa namna hii wameongezeka sana tangu Lusaka ilipopiga kura zake. Hakuna anayejua kama dawa ya kupandisha shinikizo, ikianzishwa mapema kwa dozi ndogo kupitia mshipa wa mkono, ingeweza kuchukua nafasi ya lita ya tatu katika wodi ya kawaida, na kama wauguzi waliopo wangeweza kuisimamia kwa usalama. Hayo ni maswali ya kupigiwa kura katika hospitali kadhaa kwa pamoja, za rufaa na za wilaya, wagonjwa na ndugu wakielezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka ni kwa nini nusu yao watapata kidogo. Watafiti wanaoomba kibali kwa ajili ya jaribio la namna hiyo watakutana na swali lilelile la mlangoni, la ndugu aliyesafiri usiku kucha: mbona wa kitanda cha pili ana chupa mbili na wangu ana moja? Wafike na jibu lililoandaliwa, wakae chini, na wampe muda wa kuuliza tena.